Kichochoro kilichozibwa: kisa cha mtaa mmoja wa Kisauni

Kisauni, Mombasa, upande wa ndani wa barabara ya Malindi, kuna mtaa ambao wakaaji wake wanaiona shule ya msingi wakiwa wamekaa kwenye mabaraza yao. Kengele ikigongwa wanaisikia. Lakini mtoto akitaka kufika darasani, hutoka kwanza hadi barabara kuu, hufuata ukingo wa lami sambamba na matatu na malori ya mchanga, halafu huingia tena ndani kwa njia nyingine. Mwendo ambao kwa mstari ulionyooka haufiki mita 300 umekuwa karibu kilomita 2. Jina la mtaa silitaji kwa kuwa mazungumzo baina ya majirani hayajaisha, na sitaki andiko langu liyaharibu.

Zamani haikuwa hivi. Palikuwa na njia ya miguu iliyokata katikati ya minazi na miembe, pana kiasi cha mkokoteni mmoja, na watu wakiiita tu kichochoro cha shule. Haikuwa na hati, wala haikuandikwa kwenye daftari lolote. Shamba lilipokatwa ploti, kichochoro kikaangukia ndani ya ploti ya mtu. Mwenye ploti akajenga ukuta wa mawe, kama anavyoruhusiwa, na juu yake akapanga vigae vya chupa.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ukitafuta aliyevunja sheria humpati. Kila aliyehusika alifanya alichotakiwa kufanya, na matokeo yake ni mtaa uliofungiwa. Anayeelewa yaliyotokea hapa ataielewa sehemu kubwa ya Kisauni, Bamburi, Jomvu na Likoni, na ataanza kuona kwa nini kuongeza upana wa barabara kuu peke yake hakuwezi kututoa tulipo.

Shamba moja, ramani tatu

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo karatasi za mtaa huu zimepita mikononi mwangu kipande kwa kipande, kila mteja alipokuja kutaka mchoro. Zilipokamilika nilizilaza mezani moja kando ya nyingine, nikazilinganisha bikoni kwa bikoni, yaani alama za mpaka zinazowekwa na mpima.

Shamba lilikuwa moja, refu, lililoanzia kwenye lami na kuteremka kuelekea mkono wa bahari. Mwenyewe alipofariki, warithi waligawana mafungu matatu kwa urefu, ili kila mmoja apate upande wa barabara. Fungu la kati liliuzwa kwanza. Mpima wake alipitisha njia moja katikati kutoka barabara kuu, akapanga ploti za futi hamsini kwa mia kulia na kushoto. Njia inashuka moja kwa moja, inafika kwenye bikoni ya mwisho, inakoma. Fungu lililopakana na shule liliuzwa miaka kadhaa baadaye na mpima mwingine, kwa mtindo ule ule: njia inatoka barabara kuu, inashuka, inakoma. Fungu la upande wa pili lilinunuliwa zima na mwekezaji aliyejenga nyumba za kufanana, akazungusha ukuta na kuweka geti moja lenye soja. Kwa hiyo watu wa fungu la kati wamebanwa huku na huku. Upande mmoja shule, upande mwingine zahanati na soko dogo, na kote huko hakupitiki.

Kwenye ramani ya zamani ya shamba zima, kichochoro kipo: mstari wa vipandevipande unaolikata shamba kwa upana, umeandikwa kuwa ni njia ya miguu. Kwenye ramani ya fungu la kati, mstari huo unaonekana umechorwa kwa wino hafifu, kisha unaachiwa mpakani. Kwenye ramani ya fungu la shule haupo kabisa. Palipokuwa na mstari pana namba ya ploti.

Ukimuuliza muuzaji kwa nini hakuiendeleza njia hadi kwa jirani, jibu lake lina hesabu ndani yake. Ploti ya futi 50 ina upana wa mita 15 na kitu. Njia ya mita 9, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mtaa wa namna hii, ingekula zaidi ya nusu ya upana huo, na kinachobaki hakiuziki. Yaani kuungana na jirani ni kupoteza ploti nzima. Na faida ya njia ile ingewaendea nani? Ingewaendea watu wa upande wa pili, ambao si wateja wake. Jirani naye, akifika zamu yake ya kuuza, hupiga hesabu hiyo hiyo. Kila mmoja akiokoa ploti yake moja, wote wanapata mitaa isiyotoka.

Hesabu hiyo huwezi kumlaumu nayo mtu binafsi. Anayeweza kuiona picha nzima ni yule anayepokea ramani zote kabla hazijapigwa muhuri, na huyo ni ofisi ya kaunti. Lakini ramani humfikia moja moja, kwa miaka tofauti, na swali analotakiwa kuuliza juu ya kila moja ni kama kila ploti imefikiwa na njia. Katika ramani zote tatu jibu ni ndiyo. Kama njia hiyo inaungana na ya jirani hakuna aliyeulizwa.

Ardhi yenyewe ina historia iliyochangia. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Mwambao wajitokeze kudai ardhi yao. Waliojitokeza na kukubaliwa, wengi wakiwa familia za Waarabu na Waswahili, waliandikiwa hati. Isiyodaiwa ikachukuliwa na serikali ya kikoloni. Na Wamijikenda wengi, ambao umiliki wao ulikuwa wa ukoo na haukuandikwa popote, wakaishia kuwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Ndiyo maana Mombasa hadi leo mtu anaweza kumiliki nyumba huku ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na akamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Chini ya utaratibu huo njia zilikuwa za mazoea. Watu walijenga wakiachiana pa kupita, kwa kuwa wote walikuwa wageni wa mwenye shamba mmoja. Siku hati zinapogawanywa, nyumba hupata namba, na njia ya mazoea haipati kitu.

Mzigo unaobebwa na wakaaji

Kwenye mtaa usiotoka, kila kitu huingia kwa mdomo mmoja na hutokea huo huo. Muuza maji mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita mitaa mitatu kwa mzunguko mmoja sasa lazima aingie kwenye kila mtaa, ageuze, atoke hadi lami, aingie mwingine. Mitungi ni ile ile na jasho limeongezeka, kwa hiyo bei ya mtungi ndani kabisa ya mtaa si sawa na ya karibu na barabara. Gari la kunyonya choo likiingia, hakuna kingine kinachopita hadi limalize. Mvua za masika zikishuka, maji yanayofuata njia kuelekea baharini hukutana na ukuta, yakajikusanya kwenye nyumba za mwisho.

Mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, ambaye kibanda chake kilikuwa mdomoni mwa kichochoro, aliniambia: "Mwanangu, nani atazunguka hadi barabarani kwa mahamri ya shilingi kumi?" Wateja wake walikuwa walimu na wazazi waliopeleka watoto. Sasa amebaki na watu wa mtaa wake tu, ambao nao wana mahamri yao nyumbani.

Lililonigusa kuliko yote ni habari ya maziko. Msikiti na makaburi viko upande wa shule. Zamani jeneza lilibebwa begani kupitia kichochoro, watu wakipokezana, na safari ilikuwa fupi kiasi kwamba hata wazee walifuata kwa miguu. Sasa jeneza hupitishwa kando ya barabara kuu, vijana wawili wametangulia kuyasimamisha magari. Wazee husubiri tuktuk, au hubaki nyumbani.

Ukuta wenyewe umetobolewa mara kadhaa. Usiku mtu hung'oa mawe mawili matatu chini, watoto wakapita kwa magoti wiki nzima, kisha mwenyewe akaleta fundi akaziba. Leo unaona viraka vya saruji vya rangi tofauti, kimoja juu ya kingine, mahali pale pale palipokuwa na njia.

Kuhesabu njia panda

Kuna namna rahisi ya kupima mambo haya, na mtu yeyote mwenye ramani anaweza kuifanya. Simama kwenye kila mahali njia zinapokutana au zinapokoma, uhesabu matawi. Njia iliyokoma ina tawi moja. Inayoingia kwenye nyingine kwa ubavu inatoa matawi matatu. Njia panda kamili ina manne. Mtaa wenye makutano mengi ya matawi matatu na manne ni wavu: ukikata uzi mmoja, samaki bado haponyoki, na mtembea kwa miguu bado anafika. Mtaa wenye njia nyingi za tawi moja ni mti, na tawi likikatika hakuna pa kupitia. Kisha unapima kitu cha pili, mwendo wa miguu ukilinganishwa na mstari ulionyooka. Katika kisa chetu mwendo umezidi mstari kwa zaidi ya mara sita.

Nenda Majengo, kisiwani, ukahesabu. Nyumba za Kiswahili zimepangwa safu kwa safu, kila moja na ukumbi wake katikati na vyumba pande mbili, na kati ya safu kuna njia zinazotoka huku na huku. Majengo kuna msongamano, kuna joto, na majitaka ni tatizo la miaka mingi. Lakini turubai la harusi likifunga njia moja, unakata kona na kufuata ya pili, na kufika Mwembe Tayari umefika. Mji wa Kale nao una vichochoro vilivyopinda, vingine vyembamba hata gari halifikirii kuingia, na bado unatoka Ngome ya Yesu hadi Bandari ya Zamani kwa njia unayoitaka mwenyewe. Hii ni hoja ambayo watu wa mipango huikosea: njia kupinda si kasoro. Kasoro ni njia kukoma.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, limependekeza kila kilomita moja ya mraba ya mji iwe na angalau kilomita 18 za njia, na asilimia 30 ya ardhi iachiwe barabara. Kilomita 18 ni sawa na kukutana na njia kila baada ya mita 110 hivi, kwa urefu na kwa upana. Ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi peke yake. Mitaa yetu mitatu, ukijumlisha urefu wa njia zake, haiko vibaya sana. Njia zipo, ila hazikutani.

Si Mombasa peke yake

Mwaka 2020 watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walichapisha uchunguzi wa barabara za dunia nzima. Walichukua ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea, wakaipanga kwa umri kwa kutumia picha za setilaiti ili wajue ni mitaa ipi ilijengwa kabla ya 1975 na ipi baadaye. Walichokiona ni kwamba tangu wakati huo mitaa mipya ya dunia, kwa jumla, imekuwa ikijengwa bila kuungana vizuri kama ile ya awali. Kusini-mashariki mwa Asia, ambako nyumba za geti zimeenea mno, hali ni mbaya kupita kwingi. Japani na nchi kadhaa za Amerika ya Kusini, Argentina ikiwemo, zimeendelea kujenga mitaa inayokutana. Marekani, ambayo ndiyo iliyoufanya mtaa usiotoka kuwa alama ya maisha mazuri, ilifikia kilele chake karibu mwaka 1994, na baada ya hapo mitaa mipya ikaanza tena kuunganishwa.

Huko Marekani fikra hiyo ilikuwa na mfano wake maarufu. Mwaka 1929, huko Radburn, jimbo la New Jersey, ulijengwa mji mdogo ambao nyumba zake zilikaa kwenye vijia visivyotoka ili magari ya haraka yasipite mlangoni. Lakini nyuma ya nyumba hizo palikuwa na njia za miguu zilizoungana kupitia bustani, na mtoto aliweza kufika shuleni bila kuvuka barabara ya magari. Gari ndilo lililofungiwa. Mtu aliachwa huru. Waliokuja kuiga miaka iliyofuata, wakiungwa mkono na miongozo ya mikopo ya nyumba ya serikali ya Marekani, walichukua vijia visivyotoka na kuziacha njia za miguu. Nusu hiyo ndiyo iliyosafiri duniani, na ndiyo tuliyoipokea sisi pamoja na neno estate na picha za nyumba za kufanana kwenye mabango ya barabarani.

Wapo walioshika nusu iliyoachwa. Houten, mji mdogo karibu na Utrecht nchini Uholanzi, umepangwa hivi kwamba mwenye gari akitaka kwenda mtaa wa jirani hulazimika kutoka hadi barabara ya mzunguko, ila mwenye baiskeli na mwenye miguu hukata katikati. Sisi tumefanya kinyume kamili: mwenye gari hafikirii sana kilomita mbili, na mwenye miguu ndiye anayezungushwa.

Kutoka kichochoroni hadi Daraja la Nyali

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na 154,171, asilimia 13 tu. Kisauni ilikuwa na 291,930 na Nyali 216,577. Jumlisha hizo mbili upate watu 508,507, zaidi ya asilimia 42 ya kaunti, upande mmoja wa maji. Kuja kisiwani kwa gari wana daraja moja, lile lililofunguliwa 1980 badala ya daraja la kuelea la 1931. Njia nyingine ni kuzunguka kupitia Kaunti ya Kilifi hadi Mazeras, jambo ambalo hakuna anayelifanya kwenda kazini.

Daraja lingejaa hata kama mitaa yetu ingekuwa imeungana vizuri, kwa kuwa kazi nyingi ziko kisiwani na bandarini. Hilo nalikubali. Ila tazama nani yuko kwenye foleni kabla ya kufika Kongowea. Yumo anayekwenda Shimanzi, kule kisiwani, sawa. Yumo pia anayempeleka mtoto shule iliyo nyuma ya nyumba yake. Yumo wa bodaboda anayempeleka mgonjwa zahanati iliyo mtaa wa pili. Lipo lori la maji linalotoka mtaa mmoja likiingia unaofuata. Safari hizo hazikuwa na haja ya kuiona lami kuu hata kidogo, zimesukumwa huko na kuta. Barabara moja inafanya kazi ya barabara ya kitaifa ya kwenda Malindi na kazi ya kichochoro cha Kisauni kwa wakati mmoja, na haiwezi kuzifanya zote mbili vizuri.

Hapo ndipo bodaboda inapoingia. Watu humlaumu kijana wa boda kwa kila kitu, lakini yeye ndiye aliyejaza pengo tuliloliacha. Matatu haiwezi kuingia mtaa usiotoka, kwa sababu ikiingia lazima igeuze na kurudi tupu, na makanga hawezi kukubali hasara hiyo. Kwa hiyo mkaaji hulipa mara mbili, boda hadi steji na matatu hadi mjini, na jioni vivyo hivyo. Mwenye uwezo huchoka, akanunua gari la mitumba, naye akaongeza foleni.

Wakati huo huo tumejenga viungo vikubwa, na si vibaya. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa Januari 2021 kwa watembea kwa miguu wa Likoni. Daraja la Makupa likafuata 2022, na maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la zamani yakapata njia. Barabara ya Dongo Kundu inamwezesha dereva kufika Kwale bila kupanda feri. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Mtwapa na Kilifi inapanuliwa. Mabilioni ya shilingi yametumika kuunganisha nchi kavu na nchi kavu. Kuunganisha mtaa na mtaa, kazi ambayo mara nyingi gharama yake ni ukanda wa mita mbili na mpima wa siku moja, haina fungu lake kwenye bajeti yoyote niliyoiona.

Hofu ya wezi

Mwenye ukuta si mtu mbaya. Nimekaa naye barazani kwake, na neno lake la kwanza lilikuwa usalama. Kisauni imepitia vipindi vya vijana wenye mapanga, watu wameumizwa wakitoka kazini na wengine wakiwa milangoni mwao, na hakuna aliyeishi hapa anayeweza kulipuuza jambo hilo. Alipojenga, alikuwa anailinda familia yake.

Tatizo ni kwamba ukuta umelinda upande mmoja tu. Nje yake, kati yake na ukuta wa ile estate ya geti, kumebaki vipande vya njia vilivyozungukwa na mawe matupu, hakuna dirisha, hakuna mlango, hakuna mtu. Wanawake wanaorudi kutoka steji usiku ndipo wanapoharakisha mwendo. Linganisha na kichochoro cha Majengo saa mbili usiku: wazee wako barazani na bao lao, mama anakaanga viazi karai, watoto bado wanakimbizana. Mgeni akipita huonwa na watu kumi kabla hajafika mwisho. Kinachompa mpita njia amani ni macho ya watu, na njia yenye watu wengi ndiyo yenye macho mengi. Ukiitoa njia ukabakiza kuta, umewaondoa walinzi wa bure.

Hata hivyo mwenye ukuta ana hoja ambayo wakaaji hawakuwa wameifikiria: kichochoro kikifunguliwa, takataka itazolewa na nani, na taa italipiwa na nani? Maswali hayo ni ya haki. Yameandikwa kwenye makubaliano yanayotayarishwa sasa.

Walipofikia

Mwanzoni vijana walitaka kwenda mahakamani, na sheria iliwapa matumaini. Sheria ya Kenya inatambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mtu ikiwa watu wameitumia njia kwa miaka 20 bila kukatizwa, kwa amani, kwa uwazi, na kama haki yao. Miaka walikuwa nayo, na zaidi. Wakili waliyemwendea aliwauliza swali moja tu: mlikuwa mkipita kwa haki au kwa ruhusa? Wazee, kwa uaminifu wao, wakajibu kwamba marehemu mwenye shamba, Mungu amrehemu, aliwaambia wapite wakati wowote. Ruhusa ikishatajwa, dai la miaka 20 hudhoofika sana. Ukarimu wa mtu aliyekwisha kufariki umekuwa ndio kikwazo cha majirani aliowapenda. Wakaacha habari ya kesi.

Waliyoichagua ni njia ya kununua. Ploti ya mwenye ukuta ni futi 50 kwa 100. Ukanda wa mita 2 kufuata mpaka wake mrefu ni mita 60 hivi za mraba, karibu sehemu moja ya nane ya ploti, na nyumba haiguswi kwa kuwa alijenga upande wa pili. Ukanda wa mita 2 haupitishi gari, na wote wamekubaliana kwamba hawataki upitishe gari. Wanataka upitishe mtoto, mkokoteni na jeneza. Kila nyumba ya fungu la kati itachanga, na wazazi wa upande wa shule wameahidi kusaidia.

Yaliyobaki ni mawili, na la pili ndilo linalonikosesha usingizi. La kwanza ni geti dogo: mwenye ukuta anataka lifungwe usiku, wakaaji wanataka libaki wazi hadi baada ya sala ya isha na lifunguliwe kabla ya alfajiri, na hapo wako karibu kuelewana. La pili ni jina la kuandikwa kwenye hati ya ule ukanda. Ukiandikwa kwa jina la mzee wa mtaa, watoto wake watarithi njia. Ukiachwa bila kuandikwa, mnunuzi wa ploti atakayekuja ataiona ramani isiyo na mstari, kama ilivyotokea mara ya kwanza. Mimi nimewashauri wausalimishe kwa umma, kaunti iupokee na iuandike kuwa njia ya miguu, hata kama kulifuatilia faili hilo kutachukua muda mrefu kuliko kuuvunja ukuta.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 tayari inaipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha au kukataa ukataji wa ploti, na kuweka masharti inapoidhinisha. Sharti moja lingetosha: ramani yoyote ya kukata shamba ionyeshe mahali itakapoungana na jirani wa kila upande, angalau kwa njia ya miguu, na pale ambapo jirani bado ni shamba tupu, ukanda uachwe ukimsubiri. Gharama yake kwa muuzaji ni ndogo ikiwa imejulikana kabla hajaanza kuuza. Upande wa Utange na Mwakirunge bado kuna mashamba ya minazi yanayoingia sokoni, na huko hakuna ukuta wa kubomoa wala mtu wa kubembeleza.

Ramani ya ukanda nimeshaichora bila malipo, ikiwa na mstari wa vipandevipande kutoka bikoni hadi bikoni. Inasubiri sahihi ya mwenye ukuta na mpima aliyesajiliwa wa kwenda kuuweka ardhini.